Haipo, Haiko, Haimo

Mstari wa mwisho kwenye kioo unasema hakuna toleo lolote la numpy lililopatikana. Numpy! Maktaba ya hesabu inayoguswa na karibu kila mwanafunzi wa takwimu anayeandika Python, iliyojaa tele kwenye ghala la vifurushi la lugha hiyo, na mashine inadai haijaiona hata moja. Mwenye mashine anaangalia kwanza kama bando limekwisha. Halijaisha. Anaandika jina upya, huenda alikosea herufi. Hakukosea.

Kosa lilitokea zamani kidogo, pale alipojenga Python yenyewe kutoka msimbo chanzo kwenye seva mpya ya Ubuntu. Alitoa amri tatu za kale ambazo kila fundi wa Linux anazijua kwa moyo: configure, make, make install. Zote tatu zikamaliza kazi bila kugoma. Katikati ya mamia ya mistari iliyopita mbio kiooni, palikuwa na taarifa fupi kwamba moduli ya ssl haikuweza kujengwa. Haikusomwa na mtu. Bila ssl, pip, chombo cha kusakinishia vifurushi vya Python, haiwezi kufungua anwani ya https. Bila https haipati orodha ya vifurushi. Na bila orodha, numpy inatangazwa kuwa haijulikani iliko. Lawama ikamwangukia asiyehusika.

Ajabu ni kwamba OpenSSL, maktaba ambayo Python iliikosa, ilikuwa ndani ya seva ileile muda wote. Hata SSH aliyoitumia mtu huyo kuingilia kwenye seva inategemea sehemu ya OpenSSL. Kilichokosekana ni kifurushi kingine kiitwacho libssl-dev, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Debian, na Ubuntu iliyozaliwa kutokana nayo, huigawa maktaba moja kuwa vifurushi viwili. Kuna cha mlaji na kuna cha mpishi. Cha mlaji, libssl3, kina faili ambalo programu iliyokwisha kujengwa hulihitaji ili iende. Cha mpishi, libssl-dev, kina faili zenye mwisho wa .h zinazoieleza kompaila maktaba hiyo ina nini ndani, pamoja na kiungo kidogo kiitwacho libssl.so kinachoelekeza kwenye faili halisi, libssl.so.3. Wengi wanaotumia kompyuta ni walaji tu, kwa hiyo si busara kuwabebesha masufuria ya mpishi. Mgawanyo huo una akili yake, tena unaokoa nafasi. Lakini anayejenga kutoka chanzo ni mpishi, na hakuna aliyemwambia kwamba jiko linauzwa mbali na chakula.

Jina lenyewe, maktaba, halikuanza kama mzaha wa wahandisi. Mashine ya EDSAC pale Cambridge, Uingereza, iliyoendesha programu yake ya kwanza Mei 6, 1949, ilikuwa na maktaba ya kushikika kwa mkono: vipande vya utepe wa karatasi wenye matundu, vimepangwa kabatini, kila kimoja na kazi yake ya hesabu. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill waliandika kitabu kizima kuhusu utaratibu huo mwaka 1951, wakati kabati hilo likiwa na tepe 87. Aliyehitaji hesabu ya kipeuo cha pili alikwenda, akachukua utepe, akaunakili kwenye utepe wa programu yake, akaurudisha. Utepe usipokuwepo, droo ilikuwa wazi mbele ya macho yake. Hakuhitaji ujumbe wa kosa.

Leo droo ni nyingi, ziko kwenye folda ambazo mtu hazioni, na anayekwenda kuzifungua ni programu nyingine. Ikirudi mikono mitupu, husema neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya "haikupatikana". Neno hilo linabeba mzigo mkubwa mno. Msemaji wa Kiswahili ana bahati kwamba lugha yake haimruhusu kuwa mvivu namna hiyo, inamlazimisha kuchagua. Kitu hakipo, yaani si mahali hapa panapojulikana. Au hakiko, yaani huko kote kinakoweza kuwa, hakuna. Au hakimo: chombo kipo, ila ndani yake hicho kinachotafutwa hakuna. Fundi anayeanza kwa kuuliza swali hilo la kiambishi, po, ko au mo, huokoa jioni nzima.

Maktaba kutokuwa kwenye mashine kabisa, yaani haiko, ni tatizo jepesi kuliko yote: isakinishwe. Ugumu uliopo ni wa majina tu, nao si haba. Maktaba ya kubana data iitwayo zlib, iliyomo ndani ya karibu kila kitu, kwa Fedora, mfumo mwingine wa Linux, mpishi wake amezoeleka kwa jina la zlib-devel. Kwa Debian anaitwa zlib1g-dev. Hiyo g ni ya nini? Ni kovu la miaka ya 1990, wakati Linux ilipohama kutoka libc5 kwenda libc6, maktaba kuu ya GNU inayobeba mfumo mzima. Vifurushi vilivyojengwa upya kwa ajili ya libc6 vilitiwa g ili visichanganywe na vile vya zamani. Debian ilikamilisha uhamaji huo na toleo lake la 2.0, mwaka 1998. Libc5 imeshasahaulika, g imebaki, na mwanafunzi ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo anaandika zlib-dev, anaambiwa hakuna kifurushi hicho, na anaamini zlib haiko duniani. Xz, nayo ya kubana data, ina mpishi aitwaye liblzma-dev kwa Debian na xz-devel kwa Fedora. Sqlite kwa Debian ni libsqlite3-dev. Dawa ya haya si kukariri. Kwenye Debian kuna apt-file, kwenye Fedora kuna amri ya dnf provides. Zote mbili hujibu swali lililo sahihi: faili hili, ssl.h kwa mfano, limo ndani ya kifurushi gani?

Haipo ni ya hila zaidi. Maktaba iko kwenye mashine, ila si pale ilipotafutwa. Debian 7, iliyotoka 2013, ilileta mpangilio mpya uliozihamishia maktaba nyingi kutoka /usr/lib kwenda kwenye folda ndogo yenye jina la aina ya prosesa, kama x86_64-linux-gnu, ili mashine moja iweze kubeba maktaba za prosesa za aina mbalimbali bila kugongana. Mpango mzuri. Lakini programu nyingi za zamani zilikuwa na hati za ujenzi zilizoandikwa na watu waliojua mtaa mmoja tu, /usr/lib. Zikagonga mlango, zikakuta nyumba tupu, zikatangaza msiba.

Yupo pia fundi aliyejenga maktaba yeye mwenyewe. Ameiweka /usr/local/lib kama desturi inavyotaka, ameiona kwa macho yake ikiingia humo, kisha programu yake inakataa kuanza kwa madai kwamba faili la maktaba haliwezi kufunguliwa. Kipakiaji cha Linux hakizunguki diskini kila programu inapoanzishwa; kinasoma daftari lililoandaliwa kabla, /etc/ld.so.cache, na daftari hilo huandikwa upya kwa amri ya ldconfig. Asiyeitoa amri hiyo amezaa mtoto na hakumsajili. Kwenye Fedora na Red Hat hata ldconfig pekee haitoshi, kwa sababu /usr/local/lib haimo kwenye orodha ya folda zake mpaka mwenye mashine aiongeze. Wengi hukwepa usumbufu huo kwa kuweka LD_LIBRARY_PATH kwenye mipangilio ya kuingilia, na kwa muda mambo hunyooka. Baada ya miezi kadhaa programu nyingine isiyohusika inaanza kupakia maktaba isiyo yake kupitia njia hiyohiyo, na aliyeiweka ameshasahau.

Sasa haimo. Hapa ndipo ushauri wa mitaani unapoumiza watu.

OpenSSL toleo la 3.0 ilitoka Septemba 7, 2021. Ubuntu 22.04 ikaichukua na kuliacha toleo la 1.1. Ghafla programu zilizojengwa zamani zikaanza kulia kwamba hazioni libssl.so.1.1. Ushauri uliosambaa kwa mafundi ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza: tengeneza kiungo chenye jina la libssl.so.1.1 kinachoelekea libssl.so.3. Kwa maneno mengine, mvalishe kaka mtu nguo za mdogo wake na umpeleke darasani. Kipakiaji hakidanganyiki hivyo. Kitalifungua faili, kitatafuta ndani yake alama ya OPENSSL_1_1_0, hakitaiona, na kitalalamika upya kwa maneno mengine. Nambari iliyo mwishoni mwa jina la maktaba haikuwekwa kwa urembo. Ni mkataba kati ya maktaba na programu zinazoitegemea, na ikibadilika ina maana mkataba wa zamani umevunjwa.

Ushauri wa pili hufanya kazi, na kwa sababu hiyo ni mbaya kuliko wa kwanza: nenda kwenye hifadhi ya zamani, pakua kifurushi cha libssl1.1, kisakinishe kwa nguvu. Programu inaanza, watu wanapongezana. Wasichoambiwa ni kwamba waandishi wa OpenSSL waliacha kuihudumia 1.1.1 kwa umma tarehe 11 Septemba 2023. Tundu la usalama likigunduliwa humo leo, kifurushi hicho kilichookotwa kitakaa na tundu lake. Mashine imepona kikohozi kwa kuacha dirisha wazi usiku kucha. Kwa programu ambayo chanzo chake kipo, jibu la haki ni kuijenga upya dhidi ya OpenSSL 3. Kwa ile isiyo na chanzo, anayeiuza ndiye anayepaswa kuulizwa.

Kinyume chake hutokea pia. Python kuanzia toleo la 3.10 inadai OpenSSL isiyopungua 1.1.1. CentOS 7, ambayo seva nyingi ziliendelea kuitumia hadi huduma yake ilipokoma Juni 30, 2024, ilikuwa na 1.0.2. Mpishi yupo, faili za .h zipo, kila kitu kipo, na bado moduli ya ssl haijengwi. Anayesoma neno "haikupatikana" atasakinisha tena openssl-devel mara nne akidhani mara tatu za mwanzo hazikushika.

Kwa nini mashine inashindwa kusema tofauti hizi? Si kwamba haizijui. Inazijua, inazinyamazia.

Configure, hati ndefu inayotangulia ujenzi, mara nyingi ni zao la Autoconf, chombo kilichoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991. Ikitaka kujua kama maktaba fulani ipo, huandika programu ndogo ya mistari michache iitwayo conftest.c, humpa kompaila, na hungoja. Ikijengwa, jibu ni ndiyo. Isipojengwa, kwa sababu yoyote ile, jibu ni hapana. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani kununua chumvi akarudi na neno moja, "hamna". Duka lilifungwa? Aliuliza sukari? Pesa ilianguka njiani? Mtoto kama huyo nyumbani angerudishwa aseme vizuri. Configure hairudishwi, jibu lake linapokelewa hivyohivyo na ujenzi unaendelea, au unakatika.

Ila mtoto huyu ana daftari. Linaitwa config.log, linakaa kwenye folda ileile ya ujenzi, na ndani yake imeandikwa kila programu ndogo aliyojaribu, amri kamili aliyompa kompaila, na malalamiko ya kompaila neno kwa neno. Mwishoni mwa daftari kuna orodha ndefu ya thamani zilizohifadhiwa, isiyomsaidia sana aliyekwama. Aliyekimbilia mstari wa mwisho atatoka bila kitu. Inabidi kupanda juu mpaka kwenye swali lenyewe, kisha kusoma lililo chini yake. Humo ndimo po, ko na mo hutengana. Kama faili la .h halikuonekana, panaandikwa hivyo. Kama maktaba ilionekana ila ni ya biti 32, panaandikwa kwamba imerukwa kwa kutolingana. Kama kazi fulani haimo ndani yake, jina la kazi hiyo linatajwa. Aliyejenga kwa make yenye kazi sambamba kumi na sita naye airudie kwa kazi moja tu, kwa kuwa kosa la kwanza huwa limezikwa chini ya kelele za kazi nyingine zilizokuwa bado zinakimbia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mafundi, wayamalize wenyewe huko. Yaliyotokea mwaka 2024 yanawakatalia.

Tarehe 29 Machi mwaka huo mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa na mlango wa nyuma, umetegwa ili kumpa mwenye funguo njia ya kuingia kwenye seva za Linux kupitia SSH. Dunia ya teknolojia ilishtuka, na habari nyingi zilihusu mlango huo. Kuna sehemu nyingine ndogo iliyopewa nafasi finyu. Mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa amejijengea uaminifu ndani ya mradi huo kwa miaka, aligusa pia hati ya ujenzi ya CMake, chombo cha kazi ileile ya configure, pale inapopima kama mashine ina Landlock, ulinzi wa Linux unaoizuia programu kugusa mafaili isiyopaswa. Kipimo ni kilekile cha mtoto na duka: andika programu ndogo, mpe kompaila, sikiliza ndiyo au hapana. Ndani ya programu hiyo ndogo aliweka nukta moja. Nukta tu, peke yake mwanzoni mwa mstari, mahali ambapo lugha ya C haiipokei. Tangu hapo kipimo kilishindwa kwenye kila mashine, hati ikaandika kwamba Landlock haikupatikana, na ujenzi ukaendelea bila ulinzi wala onyo.

Wangapi wangesimama kuuliza? Fundi ambaye kila ujenzi humpa mistari kadhaa ya "haikupatikana", na ambaye amezoea kwamba mingi haina madhara, ameshafundishwa kutosoma. Aliyeweka nukta ile alilijua hilo. Hati za kutafuta maktaba zilizoandikwa kwa lugha ambayo watu wachache wanaielewa, zenye majibu ya hapana yasiyo na sababu, ni kichaka, na mtego wenyewe nao ulianzia kwenye faili la aina hiyohiyo, lililotiwa kwenye furushi la kupakua na lisionekane kwenye hazina ya msimbo ambako wakaguzi wangelitazama.

Si lazima iwe hivi. Mtu anayesakinisha kifurushi cha curl cha lugha ya R kutoka chanzo, na libcurl ikakosekana, hupewa ujumbe wa aina nyingine kabisa. Unamtajia maktaba iliyokosekana. Unamwambia kwamba kwa Debian na Ubuntu asakinishe libcurl4-openssl-dev, kwa Fedora na wenzake libcurl-devel. Kisha unamwonya kwamba kama tayari anayo, huenda pkg-config, chombo cha kutafutia maktaba, haiioni, na unamwambia aangalie wapi. Haiko, na haipo, kwenye ujumbe mmoja wa mistari michache. Aliyeuandika hakuhitaji teknolojia mpya. Alihitaji kumfikiria msomaji aliye peke yake mbele ya kioo. Python, kwa upande wake, huorodhesha moduli ilizoshindwa kujenga na kuelekeza kwenye config.log, jambo la kusifiwa, halafu inaendelea na safari kana kwamba hakuna aliyeachwa kituoni. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lugha isiyoweza kufungua https mwaka huu haijakamilika, na amri ya kuisakinisha ingepaswa kusimama mpaka mtu aseme kwa makusudi kwamba anaitaka hivyo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, gharama ya ukimya huo huhesabika kwa megabaiti. Kila jaribio la kubahatisha ni upakuaji mwingine, na kusakinisha "kila kitu chenye jina la ssl" kwa bando la simu ni kuchoma pesa. Wako pia wanaokwama kwenye Kiingereza cha ujumbe kabla hawajafika kwenye maana yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuonyesha njia kupitia mradi wa Kilinux, uliozaa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Vyombo vya ujenzi havijapata mwenzake. Lakini hata kabla ya tafsiri, mhadhiri anaweza kutoa zoezi moja: seva tupu, msimbo chanzo wa Python, na alama zitolewe kwa mwanafunzi anayeleta mistari ya config.log inayoeleza kwa nini ssl haikujengwa, si kwa yule aliyeleta amri aliyoinakili mahali.

Na wale wanaoandika programu hapa kwetu, za hospitali, za vyuo, za wizara, wafanye jambo moja kabla ya kumkabidhi mtu msimbo wao. Wachukue mashine isiyo na kitu, wajenge programu hiyo kwa kufuata maelezo yao wenyewe, na kila itakapogoma waandike jina la kifurushi kilichokosekana, la Debian na la Fedora, juu kabisa ya ukurasa wa maelezo hayo.